Nguzo ya Mwenyekiti

Nguzo isiyobeba chochote ni uongo? Na kama ni uongo, kuijenga ndani ya kanisa si vibaya zaidi kuliko kuijenga, tuseme, ndani ya benki? Nilijaribu kulala na swali hilo, likawa linalala lenyewe na kuniacha macho. Chuoni tulifundishwa kwamba jengo zuri husema kweli: boriti ibebe, ukuta uzuie, na nguzo isimame pale ambapo bila yake paa lingeanguka. Mhadhiri wetu mmoja akiona nguzo ya urembo kwenye mchoro wa mwanafunzi, aliitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. Mimi niliyaamini maneno hayo yote, kwa sababu huwa naamini kila ninachoambiwa na mtu mwenye miwani. Kisha nikarudi nyumbani, karibu na Mukuyuni, nikapewa kazi yangu ya kwanza, nayo ilikuwa kanisa letu wenyewe. Nikawa chini ya Mwenyekiti.

Nimemjua tangu nikivaa kaptura. Ni Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na kamati hiyo ilikuwepo kabla ya mtu yeyote kupata wazo la kujenga. Wachungaji wamekuja na kuondoka, yeye yuko. Hakuna anayemwita kwa jina. Marehemu mumewe naye alimwita Mwenyekiti, hata akiomba kupitishiwa chumvi, naye alijibu kwa sauti ya mtu anayeruhusu hoja ijadiliwe.

Kanisa la zamani lilikuwa la matofali mekundu na mabati, fupi, lenye joto, na karibu na katikati, upande wa kulia wa mimbari, lilikuwa na nguzo moja nene. Nguzo hiyo haikuwa kwenye mpango. Iliwekwa paa lilipoanza kuinama, na kwa kuwa iliwekwa kwa hofu, ikawekwa nene. Wageni waliigonga kwa bega. Maharusi waliizunguka. Picha zote za harusi za kijiji chetu zina nguzo hiyo, imesimama kama mjomba ambaye hakualikwa.

Mwenyekiti alipima kila kitu kwa hatua zake. Utepe wa fundi aliuita "kamba ya watu wa mjini," na hakuamini kitu kinachojikunja chenyewe. Shida ni kwamba magoti yake yalikuwa yanazeeka na hatua zinafupika, kwa hiyo uwanja wa kanisa, kwa kipimo chake, ulikuwa unakua kila mwaka. Aliutembea akatangaza kwenye kamati, kwa furaha, kwamba Mungu ameongeza ardhi. Jirani wa upande wa chini, aliposikia, alikuja kukagua ua wake.

Michoro pia hakuipenda. Mara ya kwanza nilipomtandazia ramani ya sakafu, aliigeuza, akaigeuza tena, akaniuliza, "Paa umepeleka wapi?"

"Hii ni picha ya kutoka juu, Mwaitu. Kama vile paa limeondolewa, unaangalia chini."

Mwaitu kwetu ni mama, na huwezi kumwita hivyo halafu ukabishana naye sana. Akaitazama kwa muda.

"Kutoka juu anaangalia nani?"

"Hakuna mtu hasa. Ni namna ya kuchora."

"Basi hii ni ya Mungu," akasema, akaikunja vizuri na kunirudishia kwa heshima. "Mwekee. Mimi niletee ya watu."

Aliniita Injinia. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi ni msanifu majengo, injinia ni mtu mwingine, yuko mjini Wote na ana ofisi. Alisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Sawa, Injinia." Nikakaa nikijiuliza kama ni dharau, au ni heshima, au ni mtihani. Mama yangu alisema ni usahaulifu. Sikuridhika na jibu hilo hata kidogo.

Alikuwa na misemo. "Mungu hana haraka, lakini simiti inayo," aliwaambia mafundi waliosimama kupiga soga. Aliwaongoza akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kazi za pamoja ambacho bila hicho Ukambani hakuna bwawa, shule wala kanisa linaloinuka, na aliwaongoza kwa kuimba. Ukimsikia anaimba wimbo wa polepole, mchanga ulikuwa mzito. Ukisikia wa haraka, mchana ulikuwa karibu na yeye alikuwa na njaa.

Aliomba mvua kwa nguvu kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ilipokuja siku ambayo matofali mapya yalikuwa nje, alitoka akasimama uani, akainua uso na kusema kwa sauti ya kikao, "Nilisema mashambani!"

Kabla sijachora chochote, alitaka tuone makanisa ya wenzetu. Tulizunguka na kamati kwa pikapu, Makueni na Kitui, tukichungulia nyumba za Mungu kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga. Tukaona kanisa lenye uso wote wa kioo cha buluu. "Hapa nikiingia nitaomba mkopo," akasema, hakushuka. Tukaona lingine ambalo ndani yake limepakwa rangi nyeusi, halina dirisha, lina taa za kuzunguka na moshi wa mashine. Mlinzi alituwashia ili tuone. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha mwisho ndani ya ule moshi, akakohoa, akauliza, "Nani anapika?" Huko Zombe tukaingia kanisa la mabati matupu, kuta na paa, saa saba mchana. Alitoka akiwa amelowa jasho, akasema mchungaji wa hapo ana bahati, akihubiri jehanamu hahitaji mfano.

Mutomo ndiko alikotushangaza. Karibu na soko kuna msikiti mdogo, mweupe, na yeye akasema hatuwezi kuondoka bila kuuona. Wazee wawili wa kamati walibaki garini wakiwa wameshika Biblia kama mikanda ya usalama. Muuza duka mmoja, mtu wa upande wa Garissa, alitukaribisha hadi mlangoni. Mwenyekiti alisifu mabomba ya kutawadhia. "Hawa wanaosha miguu," alituambia, "sisi tunamletea Mungu vumbi lote la barabara." Kisha akaona pazia linalotenga upande wa wanawake. Alilitazama pazia lile muda mrefu sana.

"Na mkwe wako anaswali humu?" akamuuliza yule mwenye duka.

"Ndiyo, mama. Na mama mkwe pia."

"Wote ndani? Na hawaonani?"

"Hawaonani."

"Mna akili," akasema, na hakuongea tena mpaka tulipofika nyumbani. Wazee waliogopa kwamba tumempoteza. Mimi niliandika kwamba mteja anapendezwa na vitambaa na labda tufikirie upitishaji wa hewa.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila Mkamba anayesoma ameshalijua. Kuna kitu tunakiita nthoni. Ni haya, lakini ni haya yenye heshima ndani yake, na ngome yake kubwa ni kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Zamani wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani. Hawakai pamoja, hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani usoni. Wakiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu.

Sasa, hakuna mtu kwetu aliyeipiga vita nthoni kuliko Mwenyekiti. Alisimama mbele ya kina mama, mara nyingi tu, akasema mambo hayo ni ya kale. "Sisi tumeokoka! Kwani utafika mbinguni, umwone mkwe wako, uanze kutafuta kichaka?" Watu walicheka hadi machozi. Wasichana walioolewa walimshukuru. Nami nilikua nikijua kwamba katika kanisa letu jambo hilo limekwisha, na limemalizwa na yeye.

Kisha makao makuu ya dhehebu yakatuletea mchungaji mpya, na mchungaji huyo alikuwa mume wa binti yake mdogo.

Jumapili ya kwanza Mwenyekiti, ambaye miaka yote alikaa kiti cha mbele kabisa, alionekana nyuma ya nguzo. Alisema kuna upepo kule mbele. Kanisa letu halijawahi kupata upepo. Baadaye akasema ni mgongo, unataka mahali pa kuegemea. Naye Pasta, mtu mnene, mpole, mwenye sauti nzuri, alihubiri akiwa ameugeukia upande wa dirishani tu. Walioketi upande huo waliokoka kwa wingi. Sisi wa upande wa nguzo tulidhani ana shida ya shingo, na mama mmoja alimpelekea mafuta ya kuchua.

Haya yote niliyaona. Nilikuwa nimeketi pale pale. Lakini mimi huwa natafuta maana iliyojificha, na iliyo wazi hunipita.

Nikachora. Nilichora kanisa la kisasa lenye paa moja pana la chuma, linaloruka kutoka ukuta hadi ukuta bila kushikiliwa katikati, na viti vimepangwa nusu duara kuizunguka mimbari. Nilikuwa nimesoma kwamba siku hizi nyumba za ibada zinawakusanya watu waonane, kwamba kuonana kwenyewe ni ibada. Niliiweka michoro ukutani mbele ya kamati, ya watu siyo ya Mungu, nikaeleza mpaka koo likakauka. Wazee walipiga makofi.

"Injinia," akasema Mwenyekiti. "Nguzo iko wapi?"

"Hakuna, Mwaitu! Hiyo ndiyo habari njema. Mtu yeyote, akae popote, atamwona Pasta. Na Pasta atamwona yeye."

Pasta alianza kukohoa.

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, Mwaitu, na Jumatano pia."

"Tutaona," akasema Mwenyekiti.

Kanisa la zamani likabomolewa, ibada zikahamia chini ya turubai, na baada ya hapo hakuna kilichotokea. Mchanga haukuja. Mto umejaa mchanga, tunaukanyaga kila siku, lakini kina mama wa mwethya walipoulizwa, walisema haujakomaa. Nilirudi nikasoma vitabu vyangu vyote kutafuta kukomaa kwa mchanga. Nikafikiri Mwenyekiti anaogopa paa litaanguka, nikajenga mfano wa kadibodi, nikauwekea jiwe juu mbele yake. Akaukagua kila upande. "Haianguki," akakubali. "Hongera sana." Mchanga ukaendelea kutokomaa.

Kisha zikaja habari kwamba anahama. Anakwenda kukaa kwa dada yake Zombe na atakuwa anasali huko huko, kwa sababu hali ya hewa ya Zombe inamfaa. Hakuna mtu aliyewahi kuhamia Zombe kwa ajili ya hali ya hewa. Wanawake wa mwethya walisema akienda, wao watapumzika kwanza. Nikaona kanisa langu la kwanza likigeuka kuwa turubai la kudumu, na mtu aliyelibeba kanisa hilo maisha yake yote akiondoka kwa sababu ya mstari niliochora, na sikujua ni mstari upi.

Mama yangu ndiye aliyenihurumia. Alikuwa anapepeta ndengu.

"Kwani huko chuo mlikuwa mnasoma nini?" akaniuliza. "Yule mama utamkalisha wapi?"

"Popote. Viti ni vingi."

"Mbele ya mkwe wake? Amtazame saa mbili, mdomo wazi, anaimba, anacheza?"

"Lakini yeye ndiye alisema nthoni imeisha!"

"Ĩĩ," akaitikia mama. "Yetu ndiyo iliisha."

Nilimweleza fundi mkuu. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa anajua, kila mtu alikuwa anajua. Yeye alikuwa na suluhisho: tusiguse paa, tumwekee nguzo ya bodi, ndani tupu, tuipake rangi ya saruji. "Nani atajua?" akasema. Hapo ndipo usingizi wangu ulipokwisha. Nguzo tupu, ndani ya nyumba ambamo watu wataambiwa wasiseme uongo. Kwa upande mwingine, nguzo ya kweli ingeua lile paa, na lile paa ndilo kitu cha pekee maishani mwangu ambacho nilikuwa nimekipiga picha na kuwatumia wenzangu wa darasani.

Siku ya tatu nikaenda kwa Mwenyekiti. Alikuwa kibarazani, ameketi kwenye kigoda, na kiondo cha safari kilikuwa mlangoni kimeshafungwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuzungukazunguka. Yalipotea yote.

"Mwaitu, ni nthoni?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia mtoto akitamka neno lake la kwanza, akiwa amechelewa sana.

"Injinia, mimi nimeokoka," akasema. "Kichwa kimeokoka, moyo umeokoka. Magoti bado. Yule kijana akiinua macho tu, magoti yanataka kichaka."

Nikacheka, naye akacheka, kisha akaacha.

"Anahubiri vizuri. Unajua sijawahi kuona uso wake akihubiri? Naijua sauti tu. Najua akimeza mate ni sehemu ngumu inakuja." Akaokota jani sakafuni, akalikunja. "Na tena, miaka yote nilikaa mbele. Ukikaa mbele wewe ni Mwenyekiti. Watu wanakuangalia wajue kama wasimame, kama walie, kama watoe. Nyuma ya nguzo, mara ya kwanza nikalia kanisani. Hakuna mtu aliyelia kwa sababu mimi nimelia. Nililia peke yangu, vizuri kabisa."

Nikamwambia kuhusu nguzo ya bodi, kwa sababu nilidhani ni lazima nimwambie.

"Tupu? Nikiegemea ilie bo! bo! kama debe?" Akatikisa kichwa. "Aiee. Afadhali Zombe."

Katika kila kitabu nilichosoma juu ya nyumba za ibada za kisasa, waliandika kuhusu mwanga, na nafasi, na watu kuonana. Sikumbuki aliyeandika kuhusu mtu anayehitaji mahali pa kutoonekana ili aweze kuomba. Labda wapo, sikufika kwenye ukurasa huo. Nilitembea kurudi nyumbani nikibishana na mhadhiri wangu njia nzima, nikashindwa mara mbili, kisha nikagundua kwamba hayupo.

Nikakata paa. Niliugawa ule mruko mmoja kuwa miwili isiyolingana, boriti zikakutana juu ya nguzo moja upande wa kulia, na nguzo hiyo ikabeba mzigo wa kweli; ukiitoa, kanisa linashuka. Injinia wa Wote, yule mwenye ofisi, alipitia hesabu zangu na kuniuliza kwa nini nguzo iko mahali pa ajabu hivyo. Nikamwambia ni suala la udongo. Kisha nikarudi kutoka mlangoni nikamwambia si udongo, ni mama mkwe. "Ungesema mapema," akajibu, akapiga muhuri.

Kilichobaki kilikuwa mahali hasa pa nguzo. Kwenye karatasi nilikuwa nimeweka nukta, lakini sikuiamini. Jumamosi nikawaita wote kiwanjani. Pasta alipanda juu ya matofali pale mimbari itakapokuwa. Mwenyekiti akaja na kigoda chake, akapitia nyuma kabisa, akaketi akiwa amempa mgongo. Mimi na fundi tukasimamisha ubao mpana kati yao, wima, kama nguzo. Hapo akageuka.

Walikuwa karibu kiasi cha kusikiana wakinong'ona. Hata hivyo kila neno lilipitia kwangu.

"Injinia, muulize Pasta kama anaona kitu."

"Pasta, unaona kitu?"

"Mwambie Mama naona kilemba."

Tukausogeza ubao.

"Sasa?"

"Naona kiatu. Cha kushoto."

"Mwambie Pasta hicho kiatu kina mambo gani naye."

"Pasta, Mama anasema—"

"Nimesi... mwambie Mama pole sana."

Fundi alikuwa anatetemeka kwa kicheko na ubao unatetemeka naye. Tukausogeza tena, kidogo, kidogo zaidi, mpaka Pasta akasema haoni kitu, ni ubao tu. Alisimama pale juu ya matofali, mikono imelegea, akiangalia moja kwa moja upande ule, labda kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu.

"Muulize Mama," akasema polepole, "nitajuaje kama yupo?"

Nilifungua mdomo kuuliza. Sikupata nafasi.

"AMINA!" ikatoka nyuma ya ubao, sauti ya kikao, sauti ya kina mama wote wa mtoni. Ndege waliruka kutoka kwenye turubai. Pasta alishika tumbo akacheka hadi akashuka kwenye matofali, na nyuma ya ubao mtu mwingine alikuwa anacheka pia, amejifunika leso.

Nikachukua kigingi, nikakipigilia chini pale pale ubao uliposimama, nikamwambia fundi achimbe.